Kikhakasi: Lugha Iliyozidiwa Nyumbani Kwake

Katika jumba la makumbusho la mji wa Minusinsk, kusini mwa Siberia, yamehifadhiwa mawe marefu yenye maandishi yaliyochongwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mengi yalisimamishwa makaburini, na anayesema ndani yake ni marehemu mwenyewe: anataja jina lake na cheo chake, anawataja mke na wana aliowaacha, jamaa zake na nchi yake, kisha analalama kwamba ametengwa nao kabla hajatosheka nao. Mtafiti wa Kijerumani, Daniel Messerschmidt, aliyekuwa ametumwa Siberia na mfalme Petro Mkuu wa Urusi, aliyaona mawe ya namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1720, lakini hakuna aliyeweza kuyasoma mpaka mwaka 1893, pale Mdenishi Vilhelm Thomsen alipoifumbua alfabeti yake. Ikabainika kwamba ni lugha ya kale ya jamii ya Kituruki, jamii inayokusanya pia Kikazaki, Kiuzbeki na Kituruki cha Istanbul. Leo, katika nyanda hizo hizo za mto Yenisei, lugha ya jamii hiyo bado inasemwa. Inaitwa Kikhakasi. Sensa ya Urusi ya mwaka 2010 ilihesabu Wakhakasi 72,959 nchini kote, na wasemaji wa lugha hiyo kiasi cha 43,000 tu. UNESCO imeiweka miongoni mwa lugha zilizo hatarini kutoweka.

Maelezo yanayotolewa kwa haraka kuhusu hali hii ni kwamba lugha hii ni ndogo, haikuwa na maandishi ya kisasa hadi juzi, na imekutana na Kirusi, lugha kubwa ya dola kubwa. Basi yaliyoipata ni majaliwa yake. Nadhani maelezo hayo hayasimami mbele ya historia. Kikhakasi kiliishi karne nyingi bila shule na bila magazeti, tena kikiwa na nguvu ya kuzimeza lugha nyingine. Kilianza kudhoofika katika kipindi kifupi kinachojulikana, kwa sababu zinazojulikana: wasemaji wake walizidiwa kwa idadi katika ardhi yao wenyewe ndani ya miaka michache, kisha lugha ikaondolewa kazini na darasani. Tofauti kati ya maelezo haya mawili si ndogo. Majaliwa hayana dawa, ilhali maamuzi ya watu yanaweza kurekebishwa na watu.

Tuanze na nguvu. Mwaka 840 Wakirgizi wa Yenisei, watawala wa nyanda hizi waliosema lugha ya jamii ya Kituruki, waliivunja dola ya Wauighuri na kwa muda wakawa miongoni mwa wakubwa wa Asia ya ndani. Hata baada ya kutiishwa na Wamongolia mwaka 1207, wakuu wao waliendelea kuwatoza kodi majirani waliokaa misituni na milimani. Majirani hao hawakuwa wasemaji wa lugha za Kituruki. Wakoti, Waarini na Waasani walisema lugha za jamii ya Kiyenisei. Wakoibali na Wakamasi walisema lugha za Kisamoyedi, zenye undugu wa mbali na Kifini. Kodi, biashara, ndoa na ufugaji vikawavuta polepole upande wa watawala. Mtaalamu wa Kifini Matthias Castrén alipopita huko katika miaka ya 1840, aliwakuta wasemaji wachache mno wa Kikoti, na sarufi ya Kikoibali aliyoiandika, iliyochapishwa mwaka 1857, ilikuwa tayari sarufi ya lugha ya Kituruki. Wakoibali walikuwa wameibadili lugha yao. Leo wanahesabiwa kuwa ni Wakhakasi, na lahaja yao ni sehemu ya Kikhakasi. Kwa hiyo lugha tunayoilinda leo iliwahi kuwa upande wa wenye kumeza, na lugha zilizomezwa hazikuwa na kasoro yoyote katika sarufi wala msamiati. Palipokuwa na mamlaka, soko na kazi, ndipo lugha ilipohamia. Kanuni hiyo itaonekana tena katika karne ya 20, safari hii ikifanya kazi dhidi ya Wakhakasi.

Warusi walijenga ngome ya Tomsk mwaka 1604 na ya Krasnoyarsk mwaka 1628, na kwa karne nzima wakapambana na Wakirgizi juu ya nani atoze kodi ya manyoya. Mgogoro huo haukumalizwa na Warusi. Mwaka 1703 Wamongolia wa Dzungaria, waliokuwa mabwana wa Wakirgizi, waliwahamisha maelfu yao kwenda kusini-magharibi. Warusi wakajenga ngome ya Abakan mwaka 1707, na mkataba wa Kyakhta wa mwaka 1727 kati ya Urusi na China ukalithibitisha eneo hilo kuwa la Urusi. Wakati China ilipoiangamiza dola ya Dzungaria katikati ya karne ya 18, kundi dogo la Wakirgizi lilipelekwa mbali kabisa, hadi wilaya ya Fuyu katika jimbo la Heilongjiang, kaskazini-mashariki mwa China. Huko wakazungukwa na wasemaji wa Kimongolia na Kichina, na mwisho wa karne ya 20 lugha yao ilibaki vinywani mwa wazee wachache. Wataalamu walioichunguza walikuta kwamba katika lugha zote za Kituruki iliyo karibu nayo zaidi ni Kikhakasi. Ushahidi huu wa Fuyu tutauhitaji tena.

Waliobaki kando ya mito ya Yenisei na Abakan walikuwa Wasagai, Wakacha, Wakoibali, Wabeltiri na Wakizili. Warusi waliwaita kwa ujumla Watatari wa Minusinsk au wa Abakan, na wenyewe wakajiita Watadari, jina wanalolitumia hadi leo wanaposema kwa lugha yao. Katika karne ya 19 dola ya Urusi iliwagusa kwa njia nyingi: kanuni za utawala wa wenyeji za mwaka 1822, machimbo ya dhahabu, wahamiaji wakulima, na kanisa la Othodoksi, ambalo mwaka 1876 lilibatiza watu kwa maelfu katika kijiji cha Askiz katika siku moja. Hata hivyo lugha haikutikisika. Sababu yake ni nyepesi kuiona: maisha yote yaliendeshwa kwayo. Mifugo ilichungwa kwa lugha hiyo, mahari ikajadiliwa kwa lugha hiyo, ugomvi ukasuluhishwa kwa lugha hiyo, na usiku wa baridi watu wakakusanyika kuwasikiliza watambaji wa tendi za kishujaa.

Inafaa kumtazama mtambaji huyo kwa karibu, maana yeye ni kipimo cha uwezo wa lugha. Wenyewe humwita haiji. Mbele yake huweka chatkhani, sanduku refu jembamba la mti lililovutwa nyuzi juu yake, na chini ya kila uzi hupachikwa mfupa mdogo wa kifundo cha mguu wa kondoo, ambao husogezwa huku na huku kurekebisha sauti. Huimba beti kwa sauti nzito ya kooni, kisha huzisimulia kwa maneno ya kawaida, na utendi mmoja wenye maelfu ya mistari unaweza kukesha naye. Hakuna kitabu mkononi. Semyon Kadyshev, aliyezaliwa mwaka 1885 na kufariki mwaka 1977, ndiye mashuhuri zaidi kati ya watambaji waliowahi kurekodiwa. Mtaalamu wa lugha za Kituruki Wilhelm Radloff alikuwa amekwisha kuchapisha matini za Wasagai, Wakacha na Wakoibali mwaka 1868. Naye Nikolai Katanov, Msagai aliyezaliwa karibu na Askiz mwaka 1862, alisoma St. Petersburg, akasafiri Siberia, Mongolia na Turkestani ya Mashariki kati ya 1889 na 1892, kisha akawa profesa huko Kazan, ambako alifariki mwaka 1922. Mwaka 1907 alichapisha mkusanyiko mkubwa wa masimulizi ya watu wa kwao. Anayedai kwamba lugha hii ilikuwa fukara kabla ya kuandikwa anapaswa kueleza kurasa hizo zilitoka wapi.

Hapa lipo pingamizi linalostahili kujibiwa kwa heshima. Wapo wanaosema kwamba Wakhakasi kama taifa ni watu wa kutengenezwa: jina lao liliokotwa na wasomi wakati wa mapinduzi ya Urusi kutoka katika maandiko ya Kichina ya enzi ya Tang, yaliyowataja Wakirgizi wa kale, na lugha yao sanifu ilitungwa na kamati kwa kuunganisha lahaja za Kisagai na Kikacha. Kuhusu jina, ni kweli, na wanahistoria wa Khakasia, eneo la Wakhakasi, wamebishana kama lilichaguliwa kwa usahihi. Kuhusu lugha sanifu pia ni kweli, kwani karibu kila lugha sanifu duniani ilichaguliwa na watu waliokaa kuamua. Lakini jina ni jambo moja na usemi ni jambo jingine. Castrén, Radloff na Katanov waliandika lahaja hizi miaka mingi kabla ya jina jipya na kabla ya kamati yoyote, na tayari zilionyesha undugu ulio wazi. Wale wa Fuyu walitengwa nazo tangu karne ya 18, hawakuwahi kuguswa na kamati ya Kisovieti, na bado lugha yao ilifanana nazo kuliko lugha nyingine yoyote. Kamati iliikuta lugha ipo. Kazi yake ilikuwa kuipa tahajia.

Na tahajia ilikuja. Mwaka 1923 Wasovieti waliunda wilaya ya Wakhakasi, na mwaka 1930 ikawa mkoa wenye mamlaka ya ndani. Katikati ya miaka ya 1920 lugha ilipata alfabeti yenye msingi wa herufi za Kirusi. Mwaka 1927 likaanzishwa gazeti. Shule zikafunguliwa, na watu wazima waliokuwa hawajui kusoma wakasomeshwa kwa lugha yao. Haya ni mema ya kweli, na historia ya haki lazima iyahesabu. Lakini mwaka 1929 alfabeti ikabadilishwa kuwa ya Kilatini, na mwaka 1939 ikarudishwa kwenye herufi za Kirusi, zikiongezwa nyingine kwa sauti ambazo Kirusi hakina. Aliyejifunza kusoma mwaka 1926 alilazimika kujifunza upya mara mbili kabla ya vita kuu ya pili, na vitabu vilivyochapishwa kwa alfabeti iliyoachwa vikawa havisomeki kwa watoto. Papo hapo wale waliokuwa wakiandika wakakumbwa na ukandamizaji wa Stalin. Mwandishi Vasily Kobyakov, mmoja wa waanzilishi wa fasihi andishi ya Kikhakasi, alipoteza maisha katika wimbi hilo akiwa bado kijana. Mkono uliotoa maandishi ndio uliowaondoa waandishi.

Hata hivyo, sidhani kwamba alfabeti wala ukandamizaji ndivyo vilivyoamua mambo. Kilichoamua kimo katika takwimu za sensa. Mwaka 1926 Wakhakasi katika eneo lao walikuwa 44,219, karibu nusu ya wakazi wote. Mwaka 1939 walikuwa 45,799, yaani waliongezeka, lakini sasa walikuwa asilimia 16.8 tu, kwa sababu idadi ya wakazi wote ilikuwa imeongezeka mara tatu na kufikia takriban 273,000. Mwaka 1959 walikuwa 48,512 na asilimia 11.8. Katika miaka hiyo 33 hawakupungua kwa njaa wala kwa maradhi hadi kuwa wachache. Walizidiwa na waliokuja. Reli ilifika mji wa Abakan, makaa ya mawe yakachimbwa Chernogorsk, wakulima waliofukuzwa kwao wakati mashamba yalipotaifishwa wakaletwa, na kuanzia mwaka 1954 nyika zikalimwa katika kampeni ya kufungua ardhi mpya. Baadaye likaja bwawa kubwa la umeme la Sayano-Shushenskaya, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwaka 1978, na kiwanda cha alumini cha Sayanogorsk mwaka 1985. Kila mradi ulileta mji au mtaa mpya, na katika kila mji lugha ya kazi ilikuwa Kirusi. Kikhakasi kikabaki vijijini, hasa katika wilaya za Askiz na Tashtyp, na kijana aliyetaka mshahara akalazimika kukiacha nyuma.

Kisha likaja suala la shule. Sheria ya elimu ya Kisovieti iliyopitishwa Desemba 1958 iliwaachia wazazi wachague lugha ya kufundishia watoto wao. Katika miaka iliyofuata shule za Khakasia zikahamia Kirusi, na Kikhakasi kikashuka kuwa somo miongoni mwa masomo, pale kilipobaki. Tazama jinsi wakati ulivyokwenda kinyume: riwaya ya kwanza ya Kikhakasi, inayohusu maisha ya kijiji cha mbali na iliyoandikwa na Nikolai Domozhakov, ilitoka mwaka 1960. Kamusi kubwa ya Kikhakasi na Kirusi ilikuwa imetoka mwaka 1953, na sarufi ya kitaalamu ikafuata mwaka 1975. Lugha ilifikia ukomavu wake wa kimaandishi wakati ule ule ilipokuwa inatolewa darasani. Matokeo hayakuonekana mara moja, kwa kuwa familia haibadili lugha kwa siku moja. Mwaka 1959 zaidi ya Wakhakasi 8 katika kila 10 waliitaja lugha hii kuwa lugha yao ya mama. Mwaka 1989 walikuwa takriban robo tatu. Mwaka 2010 waliosema wanaijua walikuwa chini ya 6 katika kila 10. Maswali ya sensa hizo hayakufanana, lakini mwelekeo wake ni mmoja.

Pingamizi la pili huzaliwa hapa: kama wazazi walichagua wenyewe, nani wa kulaumiwa? Mzazi alitaka mwanawe apate chuo, kazi na cheo, na Kirusi ndicho kilichovitoa. Sina sababu ya kumlaumu mzazi huyo. Alifanya hesabu sahihi kwa hali aliyowekewa. Lakini chaguo halipimwi kwa kuwepo kwake kwenye karatasi, hupimwa kwa njia zilizokuwa wazi. Chuo kikuu, jeshi, kiwanda na ofisi vilikuwa vya Kirusi peke yake, kwa hiyo mzazi aliulizwa kama anataka mtoto wake afuzu au asifuzu. Isitoshe, kujua Kirusi hakukuhitaji kuacha Kikhakasi. Katanov alikuwa profesa wa chuo kikuu cha Kirusi na mjuzi wa lugha nyingi za Asia, na lugha ya Wasagai haikumzuia hata hatua moja. Vizazi vizima vya Wakhakasi vilijua lugha zote mbili vizuri. Kilichokosekana ni mpango wa shule na kazi uliokubali kwamba mtu anaweza kuwa nazo mbili.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi, na ndilo nililoanza nalo: kwamba lugha ndogo iliyo ndani ya Urusi haina namna ya kupona. Jibu liko upande wa pili wa milima ya Sayan, katika Jamhuri ya Tuva. Kituva ni lugha ya Kituruki iliyo jirani kabisa na Kikhakasi. Watuva nao walikuwa wafugaji, nao wana tendi na uimbaji wa kooni, na lugha yao ilianza kuandikwa rasmi mwaka 1930, baada ya Kikhakasi. Tangu mwaka 1944 wameishi chini ya dola ile ile na sheria zile zile. Hata hivyo Kituva kinasemwa na takriban watu robo milioni, na watoto wanakua nacho. Kama udogo ungekuwa ndio kifo, au Kirusi chenyewe, Kituva nacho kingekuwa kitandani. Tofauti kubwa iliyopo ni kwamba Tuva haikufikiwa na reli, haikujaziwa viwanda kwa kiwango kile, na mwaka 2010 Watuva walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya wakazi wa jamhuri yao, huku Wakhakasi wakiwa asilimia 12 ya jamhuri yao. Mtu anaweza kusema kwamba Wakoibali walihama lugha bila viwanda wala reli. Ni kweli, lakini walifanya hivyo kwa vizazi vingi. Lililotokea Khakasia kati ya 1926 na 1939 lilikuwa la kasi ambayo jamii haikupata nafasi ya kujipanga.

Tangu mwaka 1991, Khakasia ilipokuwa jamhuri, juhudi za kurekebisha zimekuwepo. Sheria ya lugha ya mwaka 1992 ilikitangaza Kikhakasi kuwa lugha ya serikali pamoja na Kirusi. Mwaka 1994 kilianzishwa chuo kikuu huko Abakan, nacho kina jina la Katanov. Taasisi ya utafiti wa lugha na historia, iliyoanzishwa mwaka 1944, imeendelea kuchapisha tendi na maandiko, na mwaka 2006 ilitoka kamusi mpya kubwa kuliko ile ya 1953. Haya yote yana thamani. Lakini tukiyapima kwa historia tuliyoipitia, tunaona kwamba mengi yameipa lugha heshima bila kuipa kazi. Mtu anaweza kuhitimu, kuajiriwa na kustaafu Abakan pasipo kuhitaji neno moja la Kikhakasi. Na mwaka 2018 sheria ya shirikisho iliufanya ufundishaji wa lugha za serikali za jamhuri uwe wa hiari, kwa ombi la wazazi. Ni chaguo lile lile la 1958 limerudi, na hali inayomzunguka mzazi haijabadilika vya kutosha kulifanya liwe chaguo la kweli.

Wakhakasi hawawezi kurudishiwa nusu ya idadi ya wakazi waliyokuwa nayo mwaka 1926, na hakuna mwenye haki ya kuwafukuza wajukuu wa waliokuja kuchimba makaa au kulima nyika. Hilo si sharti la kupona kwa lugha. Sharti ni kuirudishia baadhi ya mahali ilipoondolewa: shule za chekechea ambako mtoto anasikia Kikhakasi siku nzima, darasa la kwanza linalofundisha kusoma kwa lugha hiyo vijijini Askiz na Tashtyp, zahanati na ofisi za wilaya ambako anayeijua anaajiriwa kwa sababu anaijua. Ujuzi upo, kamusi zipo, walimu wanaweza kufunzwa, na wasemaji makumi ya maelfu bado wapo hai. Lugha iliyozivuta lugha nyingine kwa kuwa na kazi, na iliyodhoofika kwa kunyang'anywa kazi, itaimarika ikipewa kazi. Wanaoitakia heri wapime kila mpango kwa swali hilo moja: mtoto wa leo ataihitaji lugha hii wapi kesho asubuhi? Mpango usio na jibu, hata ukiwa na sherehe nzuri kiasi gani, utakuwa umeiongezea lugha pambo tu.